Maputo Sitini ya Mwenyekiti Mtarajiwa

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Habari njema! Mzee Rwekaza anaachia uenyekiti wa bodi. Goti moja ni bovu, anasema. Ameongoza Tushikane kwa miaka tisa, shirika letu la hapa Kiseke linalosaidia familia zilizopoteza watu kwa risasi za majambazi, iwe dukani au ziwani. Uchaguzi ni Jumamosi. Mimi, Nestory Shigela, mjumbe wa bodi mwaka wa nne sasa, nitagombea. Nani mwingine anafaa? Nilifikiri asubuhi nzima, sikumpata. Nikajipongeza kwa chai ya pili.

Saa nane mchana amepatikana. Mama Bernadetta. Nesi mstaafu! Tena mjane! Mume wake alipigwa risasi akifunga duka, kwa hiyo kila anayemwona anainamisha kichwa. Nitashindanaje na mtu wa namna hiyo? Mimi hata kuku sijawahi kuibiwa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeandika sera zangu. Ya kwanza: kuondoa ukimya ofisini. Ofisi imepoa kama kanisa siku ya Jumatatu. Viti vyote vimevalishwa vipande vya ndala miguuni visigonge sakafu. Milango imezungushiwa vitambaa isijibamize. Muhuri haupigwi, unakandamizwa taratibu kama unambembeleza mtoto. Mgeni hagongi mlango, anapiga hodi kwa mdomo tangu getini. Mwaka jana nilianza kukaanga bisi za kikao, nikanyang'anywa sufuria! Taratibu zote hizo ni za Bernadetta.

Nimemwambia Mzee Rwekaza kwamba shirika linahitaji msisimko. Akauliza kama nimewahi kutembelea familia hata moja. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa mikakati.

Jumatano, 6 Agosti

Nimetembelea familia. Moja, lakini vizuri. Nilikwenda kwa Rose, ambaye mume wake aliuawa kwenye kibanda chake cha kutuma pesa mwaka jana. Tangu siku hiyo Rose hakanyagi penye watu, hata kanisani. Nilimwamkia shikamoo ingawa nimemzidi miaka ishirini. Kura ni kura. Alishtuka, hakuitikia. Nikamweleza mikakati yangu mitano, saa moja na nusu bila kupumzika.

Mwishoni akasema Jumamosi atajaribu kuja, kwa sababu Mama Bernadetta ameahidi kukaa kiti cha jirani. Kumbe huyo mama huja kila Jumatano! Wanakaa uani wanachambua dagaa. Nikauliza huwa wanazungumza nini. Rose akasema hawazungumzi. Hawazungumzi! Hiyo nayo ni kampeni?

Natoka tu, huyo anaingia na ungo wake. Akanishukuru sana kwa kuja. Hila tupu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Nimekwenda kwenye maonyesho kutafuta mbinu, na nimeipata. Banda moja la mbegu lilikuwa limejaa watu hadi nje. Mbegu zenyewe za kawaida. Ila maputo! Yamening'inia kila kona.

Nikamfuata Hellen, mpambaji wa harusi. Akauliza shughuli ni ya nini. Nikasema ya furaha. Maputo sitini, mekundu na meupe, kila moja lina jina langu. Mke wangu Odeta akauliza kama nimemtaarifu Mama Bernadetta. Nikamjibu kwamba mpinzani hataarifiwi. Akaguna. Odeta akiguna vile huwa ana neno, lakini sikuwa na muda wa kuliuliza.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika huku goti limevimba.

Saa tatu ukumbi ulipendeza mno. Wanachama wa Sengerema wakachelewa kivuko cha Kamanga, tukawasubiri. Saa sita bado tunawasubiri. Jua kali, ukumbi hauna dari, na maputo Hellen aliyafunga juu kabisa, yanagusa bati. Rose alikuja! Akakaa nyuma karibu na mlango, Bernadetta pembeni yake kama alivyoahidi. Hatimaye Sengerema wakaingia, nikasimama kujinadi. Nilifika neno la tatu.

Paa!

Watu themanini chini, kwa mara moja. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Akina mama, wazee, wote kifudifudi, mikono kichwani, kila mmoja akijua pa kuweka kichwa. Paa! Paa! Mimi nilikuwa wa kwanza kufika chini ya meza kuu. Wa pili alikuwa Mzee Rwekaza, tukagongana magoti, na kwake lilikuwa lile bovu.

Bernadetta alikuwa sakafuni, amemkumbatia Rose kwa mikono yote miwili. Akaanza kusema, kwa sauti ya chini, kwamba ni maputo. Ni maputo tu, yamepata joto. Alirudia hivyo hivyo mpaka vichwa vikaanza kuinuka. Kisha akaomba ngazi. Akapanda mwenyewe, na miaka yake sitini na saba, akalegeza uzi wa puto moja. Upepo ukatoka polepole. La pili likatoa sauti ambayo mtu mzima haitaji. Mtu mmoja akacheka. La tatu akampa Rose alegeze. Likamponyoka, likazunguka ukumbi mzima na jina langu, likatua kwenye kipara cha Mzee Rwekaza. Rose akacheka mpaka akashika mbavu. Wanasema hakuwa amecheka tangu msiba.

Niliona aibu. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Niliona aibu sana, nikashindwa kumtazama mtu usoni.

Lakini uchaguzi ni uchaguzi. Kwetu hatutumii karatasi. Mgombea anasimama, wanaomtaka wanajipanga nyuma yake. Mstari wa Bernadetta ulitoka mlangoni ukazunguka tangi la maji. Odeta alikuwa wa nne. Nyuma yangu alisimama mtu mmoja, Mzee Shimba. Nikageuka nikamkumbatia kwa machozi. Akauliza pilau linaanza kugawiwa saa ngapi.

Jumatatu, 11 Agosti

Mwenyekiti mpya ameniita. Nilikwenda na barua ya kujiuzulu, kurasa mbili, yenye majonzi. Hakuipokea. Wala hakunigombeza. Alisema kuanzia wiki hii tutakwenda naye kwa Rose kila Jumatano, tuchambue dagaa. Mikakati niiache nyumbani. Nikakubali.

Akaniuliza, kwa upole, kama nimeelewa kilichotokea Jumamosi. Nikamhakikishia kwamba nimeelewa kabisa. Na ni kweli. Nimelifikiria jana kutwa: tatizo lilikuwa lile bati. Puto halifai ndani ya ukumbi.

Jumamosi ijayo tunamsimika rasmi, na nafasi ya makamu wake bado haina mtu. Nimeamua kumfanyia jambo kubwa, asilolitarajia, ili ajue sina kinyongo. Nimeshampigia Hellen. Maputo hana tena, lakini ana fataki. Zinalipukia juu angani, mbali kabisa na watu.