Bima Kubwa ya Spacio

Jumamosi, 12 Julai 2025

Gari letu, Spacio nyeupe, limegongwa! Tena likiwa limeegeshwa, limezimwa, halina ugomvi na mtu. Nilikuwa barazani karibu na soko, nakunywa kahawa na kumfunga Mussa kwenye bao kwa mara ya tatu. Kutoka, nakuta taa ya nyuma imekuwa vipande, mlango umebonyea, na mkwaruzo wa rangi ya bluu umetambaa hadi kwenye kitasa. Aliyegonga hayupo. Mashahidi tele. Muuza karanga kasema ni lori jekundu. Mussa kasema ni bajaji, ingawa muda wote alikuwa ameipa barabara mgongo.

Mtu mwingine angelia. Mimi nilicheka kimoyomoyo. Tuna bima kubwa! Si ile ndogo ya kumlipa uliyemgonga wewe. Hii inamlipa mwenye gari hata akigongwa na asiyejulikana. Imeandikwa jina la mke wangu Hafsa, kwa sababu gari ni lake na biashara ya asali ni yake, lakini mwenye kichwa cha mambo haya ni mimi, Mfaume.

Hafsa kalizunguka gari mara moja. Kasema fundi Gerson aweke taa, aunyooshe mlango, basi, na liwe tayari Jumatano, maana Alhamisi ni siku ya kufuata asali Igalula. Wafuga nyuki wanamngoja. Asipotokea, watamuuzia jirani yetu Nurdini, mtu ambaye pikapu yake hata ikilala pua inaelekea Igalula. Asali ya Julai ndiyo mwaka wetu mzima. Nimemwambia atulie, mume yupo.

Jumapili, 13 Julai

Nimefikiri usiku kucha, yaani mpaka saa tatu. Bima inalipa kilichoharibika. Sasa kwa nini kiharibike kidogo?

Bampa la mbele lina ufa tangu Ramadhani, siku nilipomkwepa mbuzi wa Nurdini nikaukumbatia mlingoti wa umeme. Nurdini hakutoa hata pole. Alidai mbuzi wake alikuwa upande wake wa barabara. Mbuzi ana upande!

Hafsa alipokwenda kumwona dada yake, nilichukua mchi wa kinu, nikaufunga kanga ili usiache alama. Nilipiga mara mbili tu. Kazi safi! Bampa sasa linaning'inia, na yeyote atakayeliona atasema maskini gari hili limeonewa. Kanga ilitoboka kidogo. Ilikuwa ile mpya. Nimeirudisha sandukuni, chini kabisa, ambako mwanamke hafiki.

Jumatatu, 14 Julai

Kituo cha polisi. Bima wanataka taarifa ya polisi. Nilipokelewa na Afande Asnath wa trafiki, mama mtulivu, anaandika polepole kama anayedarizi kofia. Aliniuliza imekuwaje ajali moja imegonga nyuma na mbele. Swali hilo sikulitegemea. Nikasema jamaa aligonga nyuma, akazunguka, akaja kugonga na mbele. Akauliza mtu afanye hivyo kwa nini. Nikasema chuki. Akauliza chuki ya nani.

Hapo ulimi ukanitangulia. Nurdini! Pikapu yake ni ya bluu na mkwaruzo ni wa bluu. Tena ukichunguza, huo si uongo. Bampa lilipata ufa kwa ajili ya mbuzi wake. Ni ukweli uliochelewa miezi minne.

Afande alinitazama. Akauliza kama nina uhakika. Nikasema niliiona pikapu kwa macho yangu haya mawili. Akaandika yote, hakuacha hata nukta, akanipa nisaini. Polisi wasikivu namna hii wamebaki wachache.

Jumanne, 15 Julai

Ofisi ya bima. Wakala anaitwa Recheli, binti mwenye adabu. Kanipa shikamoo, nikaitikia marahaba kwa sauti ya mtu mwenye bima kubwa. Alitaka Hafsa aje kusaini fomu. Nikamwambia mama ana kazi nyingi, nikatoka nayo nje, nikarudi nayo imesainiwa. Saini zetu zinafanana, hasa nikiziandika zote mimi.

Habari mbaya: mkaguzi anatoka Dar, atafika Alhamisi, na gari lisiguswe mpaka alione. Habari njema: jina lake ni Majidi na ni Mzaramo. Mzaramo! Mtani wangu! Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe hadi pwani, Wazaramo wakawapokea, na tangu hapo tunatukanana na kuchukuliana vitu, na kununa ni mwiko. Mtani hawezi kuninyima. Nilitoka pale natembea katikati ya barabara.

Nikamweleza Hafsa kuhusu Alhamisi. Hakupiga kelele. Aliniuliza mara moja tu kama najua Alhamisi ni siku gani. Nikamweleza kwamba gari zima litapigwa rangi mpya. Akasema wafuga nyuki hawanunui rangi. Kisha akakaa anazitazama ndoo zake kumi na mbili, tupu. Nilisikia uchungu. Ulipita baada ya kula.

Jumatano, 16 Julai

Mkosi wa ajabu! Asubuhi kaja mzee mmoja kutoka Goweko, mkulima wa tumbaku, kofia mkononi, jogoo kwapani. Nikampa shikamoo yake. Anaitwa Mzee Hilari. Hata kiti hakutaka. Kasema Jumamosi alikuja mjini na trekta, akapita sokoni, na tela lake likaparuza gari jeupe lililoegeshwa. Aliingiwa na hofu, akaondoka. Hakupata usingizi. Jumapili akaenda kuungama, na padri akamwambia majuto ya kanisani hayanyooshi mlango wa gari, aende akamtafute mwenyewe. Amemtafuta tangu jana, nyumba kwa nyumba. Sasa anataka kulipia taa na mlango kwa fundi leo hii hii, na anaomba msamaha.

Nilichungulia nje. Trekta la bluu!

Mtu wa kawaida angemkumbatia. Lakini mimi nimeshaandikisha Nurdini polisi! Na Mzee Hilari hakugonga bampa, angesema hivyo mbele ya watu, ndivyo alivyoumbwa. Ikabidi nimtetee. Nikamwambia amekosea gari. Akasema namba ni hizi hizi, alizikariri kwa hofu. Nikamwambia Tabora kuna Spacio nyingi zenye namba za kufanana. Akasema anamkumbuka hata yule mtu wa barazani aliyeipa barabara mgongo. Nikamwambia yeye si mkosaji, ni mzee mwema, arudi nyumbani akapumzike. Akaanza kulia! Alinisihi nimkubalie kosa lake, walau nusu. Nikakataa katakata. Akasema basi ataenda polisi. Nikamwambia Jumatano polisi hawapokei makosa.

Aliondoka kainamisha kichwa. Jogoo akamwacha kwangu. Nimemfunga kwenye mguu wa kinu. Kwa kweli nimeyapanga mambo vizuri.

Alhamisi, 17 Julai

Siku ya ushindi! Hafsa aliondoka alfajiri na ndoo zake, kasema anakwenda kutafuta usafiri. Nilimsikitikia. Usafiri gani siku kama ya leo?

Saa nne akafika mtani. Mnene, mcheshi, kalamu sikioni. Hata salamu hakumaliza, akauliza tangu lini Mnyamwezi akapanda gari, si tulizoea kubeba mizigo kichwani hadi Bagamoyo? Nikamjibu kwamba nashangaa Mzaramo ana kazi, nilisikia wote wameuza viwanja wakachezea ngoma. Tukashikana mikono, tukacheka mpaka jogoo akawika. Nilijua mambo yameisha.

Akaanza kukagua. Nyuma alipita haraka. Mbele akachuchumaa muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye bampa, akatoa uzi mmoja wa nguo, mwekundu. Akatupia jicho kinu alipofungwa jogoo, akaniuliza, uso umejaa kicheko: "Mtani, hili bampa umelipiga mwenyewe kwa mchi, sivyo?"

Ningefanyaje? Utani haujibiwi kwa kununa! Ukikana kwa uso mkavu, umeshindwa. Nikamrudishia hapo hapo. "Naam mtani! Mchi wa mke wangu, mara mbili, na kanga nikaufunga!" Tulicheka, tukapigana mabega, machozi yakatutoka. Akaomba kuuona huo mchi, nikamletea. Akaomba na kanga, nikaitoa sandukuni. Akavipiga picha vyote, mimi nikiwa katikati nimeushika mchi kama mkuki. Kisha akaandika ukurasa mzima, akaniambia nisaini. Sikusoma. Kusoma mbele ya mtani ni kumdharau.

Alipoondoka alimchukua jogoo, haki yake ya utani. Nikampungia mkono.

Magharibi nasikia muungurumo. Trekta la bluu! Mzee Hilari usukani, na nyuma kwenye tela, ameketi kama malkia, Hafsa, na ndoo kumi na mbili zimejaa asali. Alikutana na mzee jana pale kona, analia. Alimsamehe palepale, kwa kuwa gari ni lake na msamaha ni wake. Mzee akaomba ampeleke Igalula ili moyo wake utulie. Hafsa aliteremka, akaangalia kwenye kinu, akaniuliza jogoo yuko wapi. Nikasema ni habari ndefu.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeitwa kituoni. Nikavaa kanzu nyeupe, nikijua nakwenda kuambiwa Nurdini amekamatwa. Nakuta wamekaa kwenye benchi moja: Nurdini, Mzee Hilari, Recheli wa bima na mke wangu. Waliniachia nafasi pembeni.

Afande Asnath alifungua faili. Alieleza kwa upole kwamba Jumamosi, saa ile niliyoiona pikapu ya Nurdini kwa macho yangu mawili, pikapu hiyo ilikuwa mtaa wa Ipuli inahamisha vitanda. Vitanda vya nani? Vyake yeye Afande! Nikamuuliza kwa nini basi aliandika. Akasema alitaka kuona nitafika wapi.

Kisha Recheli akasoma taarifa ya mkaguzi. Kwamba mume wa mwenye bima amekiri kupiga bampa kwa mchi wa kinu, mara mbili, uliofungwa kanga, na picha zimeambatishwa. Nikaruka! Nikasema ule ulikuwa utani! Recheli akajibu kwa adabu kwamba Bwana Majidi amesema vivyo hivyo, alicheka sana, na anashukuru kwa ukarimu na kwa jogoo. Lakini uzi wa kanga ulikuwa kwenye bampa, na saini ni yangu.

Hafsa aliitazama picha ya kanga. Kisha akaitazama fomu yenye jina lake na saini isiyo yake.

Angeweza kunipigia kelele, ningejua la kusema. Aliongea taratibu. Kasema kwa miaka tisa wafuga nyuki wa Igalula humpa asali kwanza na pesa hufuata baadaye, kwa sababu akisema jambo ndilo lilivyo. Kasema hana mtaji mwingine, ni jina tu. Bampa linanunulika. Mimi nimelichukua hilo jina nikaliandika chini ya uongo. Sauti ilimkatika hapo, akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Nurdini alitazama sakafu. Hata Afande aliacha kuandika. Niliona aibu, wallahi niliona.

Hafsa akafuta madai yote. Kwa ajili yake Nurdini hakutaka kwenda mahakamani. Afande aliniambia kutoa taarifa ya uongo ni kosa, na kwamba faili langu analiweka mahali anapoliona. Mzee Hilari amelipia taa na mlango kwa Gerson, akaondoka anatabasamu. Yule ndiye mtu pekee aliyefaidika na ajali hii.

Jumapili, 20 Julai

Hali ya nyumbani ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Napewa chakula. Sipewi ufunguo wa gari.

Leo mchana Hafsa kanikalisha. Kasema Alhamisi ijayo nitakwenda naye Igalula, si kama dereva wala msemaji, nitabeba ndoo tu. Watu wanione nikifanya kazi ya halali. Lakini kwanza niape kwamba sitagusa tena mambo ya bima ya gari, hata kwa ncha ya kidole. Nikaapa. Nilimwona anavuta pumzi, akanimiminia chai, akanitilia asali vijiko viwili. Miaka mingi hajanitilia viwili. Nilifurahi sana, na nikasema moyoni kwamba mke huyu sitamsumbua tena maisha yangu yote.

Jioni nikapita barazani. Mussa kasema kuna bima ya mifugo siku hizi. Ng'ombe akifa unalipwa. Nikauliza kama nyuki ni mifugo. Mussa hakujua, lakini alisema wanafugwa.

Wanafugwa!

Nimekaa nalifikiria. Kosa langu lilikuwa kuchagua kitu kinachoacha alama. Nyuki wakihama mzinga hawaachi alama yoyote. Hakuna wa kuwahoji na hakuna wa kuwahesabu. Leo wapo, kesho hawapo, na mwenye mzinga anapewa pole yake kwa hundi. Hafsa ana mizinga ishirini ya kwake kule Igalula, na Alhamisi nitakuwa papo hapo, nimebeba ndoo, hakuna wa kunishuku.

Yeye hana haja ya kujua mapema. Nataka afurahi ghafla. Na kiapo kiko palepale, sijakivunja wala sitakivunja. Niliapa kuhusu gari. Nyuki hatukuwataja.