Shanta Moja kwa Kila Mgongo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikao hiki, ambaye ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Kaimu Mwenyekiti, aliye safarini. Makatibu, Makatibu Wasaidizi na Wasaidizi wa Makatibu Wasaidizi. Wajumbe wa Kamati ya Migongo. Mlinzi wa geti la mlima. Na ninyi wapagazi, mnaobeba mizigo ya wageni hadi kileleni, mliokaa sakafuni kwa kuwa viti ni vya wakubwa: itifaki imezingatiwa! (Makofi, safu ya mbele.)

Ndugu zangu, nina uchungu na migongo yenu, na nimekuwa na uchungu huo tangu robo ya kwanza ya mwaka. Mnabeba kilo ishirini kwenye viroba vya kufunga kamba, na kamba haina huruma. Kwa muktadha huo, na kwa mujibu wa fremuweki ya utekelezaji shirikishi, ofisi yangu imebaini kwamba shanta haichaguliwi kwa rangi wala wingi wa mifuko, bali kwa mzigo na mgongo wa mbebaji: hupimwa kuanzia kifupa cha shingo hadi kiunoni, mkanda ukakamata nyonga ili uzito usilale mabegani, na vitu vizito vikakaa katikati, karibu na uti wa mgongo. Mnaona nilivyosoma? (Sauti kutoka nyuma: “Hayo tunayajua! Shanta mlizotuahidi ziko wapi?”) Nakuja huko, kaka yangu. Haraka haraka haina baraka.

Kamati ilipima migongo. Asilimia mia moja ya migongo iliyopimwa, yaani migongo tisa ya wajumbe, ilipimwa wenyewe wakiwa wamekaa vitini ili kuokoa muda, ukapatikana mgongo wa wastani ambao, kwa bahati njema, unalingana kabisa na wangu. (Vicheko.) Msicheke, hii ni sayansi! Mzigo nao tuliufanyia majaribio: tulibeba mto wa kulalia hadi ghorofa ya pili, na hakuna aliyeumia isipokuwa mtunza kumbukumbu, ambaye goti lake lilikuwa bovu tangu zamani. (Mpagazi mmoja, mama wa makamo, anasimama na kuvuta kola ya blauzi. Bega limechubuka, linatoa maji.)

“Samahani, mheshimiwa. Kesho alfajiri napanda na mzigo wa wageni. Nikikosa safari hii, wanangu wanalala njaa. Naomba shanta yangu nikajipange.”

Mama yangu, maneno yako yamenichoma, wallahi, na sitaki mtu aseme kiongozi wenu ana moyo wa jiwe. Ndiyo maana leo natoa agizo: kuanzia kesho alfajiri, mlinzi wa geti asimpitishe mpagazi yeyote mwenye kiroba. Awe na shanta, la sivyo arudi nyumbani! (Makofi mbele.) Hatutavumilia mabega kuchubuka mbele ya wageni. Mwingine angewaundia semina tu, mkanywa maji ya chupa mkaondoka, lakini mimi ni mtu wa vitendo.

Sasa wote pamoja! Mzigo kiunoni! (Safu ya mbele: “Raha moyoni!”) Mgongo salama! (Safu ya mbele: “Kiongozi hoyee!”)

Kwa kumalizia, nawashukuru wajumbe kwa kuukamilisha mradi huu kabla ya muda. Namshukuru kwa namna ya pekee mchoraji wetu, aliyetuchorea ile shanta nzuri ukutani, kwa sababu ndiyo pekee tuliyo nayo. Fundi wa kuzishona hatujamtafuta, na kitambaa bado tunakijadili. Na wewe mama, nakushukuru kuliko wote. Kwa agizo langu, kesho utapumzika, na kesho kutwa, na mtondo, mpaka hilo bega lipone kabisa.

(Mama: “Na wanangu nao wapumzike kula?”)

Asanteni sana kwa kunisikiliza.