Mpokezi na Kitenzi Kimoja

Jumatatu, 3 Juni
Meneja wa hoteli anatafuta mwalimu wa Kiingereza wa wafanyakazi. Tumebaki wawili: mimi na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mtu asiyemiliki hata kamusi! Mimi nimepewa mpokezi wa kumfundisha, yeye dobi. Ijumaa watahudumia wageni. Mwalimu wa atakayefaulu ataajiriwa. Kazi yangu ya kusahihisha prufu za vitabu nimeiacha leo hii. Ushindi ni suala la utaratibu tu.

Jumanne, 4 Juni
Tumeanza na take off. Kitenzi chembamba kwa sura, tumbo lake ghala! Ndege kupaa, koti kuvuliwa, biashara kushamiri, mtu kuigizwa kwa dhihaka. Mpokezi aliuliza ni lini tutafika kwenye “karibu”. Nikamjibu kuwa nyumba haianzii paani.

Jumatano, 5 Juni
Nimechungulia chumba cha kufulia. Wanacheza! Shemeji anajifanya mgeni aliyepoteza sanduku, dobi anamvutia kiti na kumpa maji. Kicheko tele, uchambuzi hakuna. Shemeji akaniona dirishani, akauliza iwapo mgeni wangu mwenye kiu nitamnywesha kamusi. “Mtaka yote hukosa yote, shemeji!” akaongeza. Methali ya wavivu.

Alhamisi, 6 Juni
Mke wangu amehoji kwa nini niliacha kazi kabla ya kupata nyingine. Swali la juujuu. Nimevumbua maana mpya ya take off: kiungo kukatwa hospitalini. Furaha isiyo kifani! Mpokezi anasema ameota koti linapaa. Dalili njema.

Ijumaa, 7 Juni
Mgeni wa kwanza, bibi mzee, aliingia akihema, akauliza choo kiko wapi. Mpokezi akasimama wima, akamweleza kwa matamshi yasiyo na dosari jinsi ndege inavyopaa. Bibi akasubiri, miguu ameibana. Mpokezi akahamia kwenye koti. Dobi akamshika bibi mkono, akasema maneno mawili, wakatoweka.
Shemeji ameajiriwa. Akanipa pole, tena ya dhati. Hiyo ndiyo iliyouma.

Jumamosi, 8 Juni
Nimetafakari bila upendeleo. Kosa limebainika: mpokezi alikatizwa kabla ya maana ya tatu!
Kwenye prufu nafasi yangu imeshajazwa. Shemeji, kwa huruma, ameniombea kwa meneja nimfundishe mlinzi wa lango, anayehitaji tu kusema “subiri kidogo”. Amenisihi nisifanye makubwa, nami nimeapa. Tutaanza na put up: kutundika, kujenga, kumpa mgeni malazi. Ni kitenzi kidogo mno, hakitazidi mwezi.