Trashi, Spidi na Mkubwa Wao

Leo nimedhalilika. Tena siyo kidogo. Nimedhalilika mbele ya nusu ya Buswelu, na mama yangu mzazi akiwa amenishika mguu wa kushoto. Nawaandikia nyie niliosoma nao kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine, maana huku habari imeshafika sokoni. Barua someni wote, mpeane.

Bendi yetu mnaijua. Radi. Kulwa anapiga gitaa, Deo dramu, mimi mwimbaji. Ilivyoanza pia mnajua: Kulwa alinunua jaketi la mitumba, mfukoni akakuta kanda. Haina kasha, maandishi yote yamefutika. Tukaiweka kwenye redio, na haki ya Mungu nywele zilinisimama. Gitaa linasaga kama mashine iliyoishiwa mahindi, halafu jamaa anaunguruma juu yake. Tukasema basi, huu ndio muziki wetu.

Shida ilikuwa jina. Kwamba ni hevi metali, hilo tulikubaliana. Lakini hevi metali ya aina gani? Kulwa alisoma kipande cha gazeti la Kizungu kilichofungiwa karanga, na tangu siku hiyo anasema sisi ni trashi. Deo aliongea dakika tano na Mzungu mmoja mtafuta dhahabu kule uwanja wa ndege, akarudi anasema sisi ni spidi. Wiki mbili wamenuniana kwa ajili hiyo. (Mimi mtu wa amani. Kazi yangu kuunguruma.)

Sasa Jumamosi tuna shoo yetu ya kwanza, kwenye hoteli moja huku ziwani. Matangazo tumeshabandika mji mzima, mengine nimebandika mwenyewe kwa uji. Mwenye hoteli kasema bila kibali cha afisa utamaduni hatugusi hata waya wake. Kwa hiyo leo asubuhi tukaenda kwa Mama Koku, ndiye afisa mwenyewe, mama mmoja wa Kihaya, mpole, miwani inaning'inia kwenye kamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mnapiga muziki gani? Fomu inauliza aina."

Aina zilikuwa nne: Ngoma za asili, Taarab, Dansi, Kwaya.

"Trashi," akasema Kulwa.

"Spidi," akasema Deo.

Wakaanza palepale, na foleni ya watu nyuma yetu. Mama Koku akavua miwani. "Mkishaelewana wenyewe, mrudi mwezi ujao."

Mwezi ujao, na shoo ni Jumamosi. Nikaisoma ile fomu haraka haraka. Dansi, lazima wakaguzi waje, wiki tatu. Ngoma za asili, ulete barua ya mwenyekiti wa kijiji. Taarab, hapana. Kwaya, kibali siku hiyohiyo. Nikachukua kalamu nikaweka tiki kwenye Kwaya. (Ndiyo. Mimi. Kwa mkono wangu huu.)

Uso wa yule mama ukachanua. "Mungu ni mwema. Leo saa tisa tunamuaga mwalimu mkuu pale Buswelu, na kwaya niliyoalika lori lao limeharibika Usagara. Mtaimba wimbo mmoja, nikiwasikia nagonga muhuri hapohapo."

Nyie mngekataa? Muhuri ule, jamani.

Saa tisa tuko ukumbini na spika za kuazima. Mwalimu mkuu kavaa suti, kakaa na mke wake. Pembeni yupo mchungaji na akina mama wa maombi, na katikati yao mama yangu. Yeye alijua nina bendi, ya nini hakuwahi kuuliza. Akanipungia mkono. Alikuwa na furaha mama wa watu, mwanawe kajiunga na kwaya.

Kulwa akagusa nyuzi. Niseme ukweli, hata sasa nikikumbuka nasisimka. Mabati yalitetemeka. Deo akaingia, moyo wangu ukaingia naye, nikafumba macho na kuungurumia maikrofoni kwa sauti niliyoifanyia mazoezi miezi mitano bafuni. Nikatikisa kichwa. Nikapiga magoti. Sijawahi kuimba vizuri kama leo, na naomba hilo mlikumbuke.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala chali. Akina mama wanne, kila mmoja na kiungo chake. Mguu wa kushoto ulikuwa na mama yangu, analia.

"Hata nyumbani huwa anafanya hivi," alikuwa anamwambia mchungaji. "Bafuni. Mimi nilidhani ni tumbo."

Mchungaji akaniwekea mkono kichwani. "Wewe uliyemo! Taja jina lako!"

Sasa Kulwa, masikio yanavuma kwa zile spika, akadhani tunaulizwa muziki.

"Trashi," akajibu.

Deo akasimama na vijiti vyake. "Mwongo huyo. Ni spidi."

Ukumbi mzima ukaguna. "Wako wawili," mchungaji akasema, "na wanagombana."

Nikaona niokoe hali. Nikajaribu kumweleza kwa upole, mchungaji, ni hevi metali tu. Lakini koo lilikuwa limeshakwisha. Ile "hevi metali" ilitoka kwa sauti ileile ya wimbo, tena nzito zaidi.

"Huyu," mchungaji akasema, anakunja mikono ya shati, "ndiye mkubwa wao."

Nimeombewa saa nzima. Mwalimu mkuu naye aliniombea, na sherehe ilikuwa yake. Kulwa na Deo, wale mbwa, walikuwa bado wanabishana nyuma ya dramu.

Mwishoni nikaenda kwa Mama Koku nimejaa vumbi, nikijua Jumamosi imekufa. Yeye kashatoa muhuri kwenye mkoba. "Miaka yote niliyofanya kazi hii," akasema, "sijaona kwaya inayofanya watu wasali namna hii." Akagonga. Kwaya. Ninayo hapa mfukoni, wino haujakauka.

Tumerudi nyumbani wote watatu, mama anatuandalia chai, hataki hata kuniangalia. Nikamuuliza mchungaji kasemaje.

"Kasema Trashi katoka. Yule mkubwa naye katoka." Akafuta machozi. "Aliyebaki ni Spidi. Huyo kasema ni mgumu, Jumamosi tunakuja wote hotelini kumalizia."

Deo karuka kutoka kwenye kigoda, kamwaga chai, anamnyooshea Kulwa kidole. Basi ni rasmi, sisi ni spidi, na atakayecheka ajue mchungaji wetu anatafuta wagonjwa.