Nilivyoishinda Televisheni

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Binti yangu ameingia fainali! Kuogelea, mita mia mbili! Kocha wake alipiga simu asubuhi nikiwa kibandani, saa ya mteja iko wazi mkononi. Springi ikaruka. Sijaiona hadi sasa. Na iruke tu, ina haki ya kufurahi.

Fainali ni Jumapili saa kumi jioni, katika mji ulio mbali, safari ya siku mbili. Wamekwenda kocha na waogeleaji peke yao. Sisi wengine tutatazama kwenye programu ya mtandaoni, kwani chaneli za kawaida hazionyeshi. Hakuna shida. Tunayo televisheni janja. Nimemwalika Kinyozi, jirani yangu wa kibanda, pamoja na mkewe. Nimemwambia kwetu picha haijawahi kukwama.

Uongo mdogo. Jioni nilibonyeza ile programu, kiduara kikaanza kuzunguka. Nikaenda kunyoa ndevu shavu la kulia. Nikarudi. Kinazunguka. Nikaenda kunyoa la kushoto. Nikarudi. Kinazunguka! Wauzaji huiita televisheni janja. Ujanja wake ni huo wa kukwepa kazi.

Shemeji, kaka yake mke wangu, tunaishi naye ukuta kwa ukuta. Alipita, akaona. Akasema kwa ile sauti yake ya upole inayonichoma kwamba Jumapili sote tuhamie kwake. Yake inafunguka kabla hujakaa. Nikamshukuru. Nikamwambia fainali ya binti yangu itatazamwa sebuleni kwangu. Mimi ni fundi saa. Miaka ishirini na sita nafungua vitu vidogo kuliko ukucha wa kichanga. Dude la inchi arobaini na tatu litanishindaje?

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nimegundua ugonjwa! Nimeigusa televisheni mgongoni: moto. Mashine ikipata joto huwa mvivu, kama sisi tu. Nimeleta feni ya chumbani, nikaielekeza nyuma ya televisheni. Nikaongeza kitambaa chenye maji kwenye waya, nacho kikapeperushwa na feni, kikaruka, kikatua usoni kwa mama mkwe.

Mama mkwe anaishi nasi. Kiti chake kiko mbele ya televisheni, na hakihamishwi. Alikivua kitambaa taratibu, akakikunja mara nne, akanirudishia kwa mikono miwili. Halafu akaomba blanketi.

Matokeo: kiduara kinazunguka vilevile, ila sasa kina ubaridi. Mama mkwe amepata mafua. Mke wangu ameirudisha feni chumbani bila kuniuliza. Fundi mwenye subira haoni kushindwa, anaona kuondoa sababu moja.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Leo nimefagia. Televisheni ilikuwa imejaa programu zisizo na kazi, kumi na saba, kama stoo ya mtu asiyetupa kitu. Nimefuta zote isipokuwa ya kuogelea. Kiduara kikazunguka kwa furaha zaidi, niliiona tofauti kwa macho yangu. Mke wangu hakuiona. Yeye hana jicho la fundi.

Saa kumi na mbili mama mkwe akakaa atazame tamthilia yake. Nayo ilikuwa ndani ya zile kumi na saba. Alikuwa amefika sehemu ya mia moja arobaini na tatu.

Hakugomba. Afadhali angegomba! Aliniuliza, "Mkwe wangu, hujambo?" Nikasema sijambo, mama. Baada ya dakika tano akaniuliza tena kama sijambo. Mara ya tatu nikaelewa. Nikaipakua programu upya. Ikaanzia sehemu ya kwanza. Ikabidi nisogeze mbele, bonyezo moja, kiduara kimoja, bonyezo jingine, kiduara kingine. Kila kiduara mama mkwe akakitumia kunieleza nani kamwoa nani. Tulipofika sehemu ya sitini nilikuwa nawajua wote. Yule mwanasheria ni mnafiki. Nimemwambia mama mkwe wazi, naye akakubali kwamba nina akili. Hilo nimeliandika hapa kwa wino mzito kwa kuwa limechukua miaka kumi na tisa.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

USHINDI!

Nimefikiri hivi: intaneti ni kama maji ya bomba. Kila simu ndani ya nyumba ni bomba lililoachwa wazi. Kabla ya chakula nimekusanya simu zote, nikazitia kwenye sufuria kubwa, nikafunika. Mke wangu akauliza kama nimepungukiwa na usingizi. Nikabonyeza programu.

Ikafunguka! Papo hapo! Maji ya bluu, mistari, watu wanaruka! Nikapiga makofi peke yangu. Sufuria nayo ikaanza kutetemeka. Mama mkwe akasema kuna kitu kinachemka. Alikuwa binti, anaipigia simu ya mamake. Nikampokea, nikamwambia televisheni iko tayari kuliko wakati wowote, yeye aogelee tu. Akacheka. Akasema, "Baba, usipepese macho, mimi mwisho wa mita mia mbili huwa nafyatuka." Nikamwambia mimi huwa sipepesi.

Baadaye nikaingia kwenye mipangilio nijipongeze. Nikaona jina la mtandao tuliounganishwa nao. Si letu. Lilikuwa jina la utani la shemeji, lile analojipa mwenyewe: Bosi wa Mtaa.

Mke wangu alikiri bila haya. Mchana alimwomba kaka yake nywila, akaunganisha, yakaisha. Dakika mbili. Alisema tuache hivyo hivyo, Jumapili ipite kwa amani.

Niache! Binti yangu aogelee ndani ya intaneti ya Bosi wa Mtaa! Nimeikata. Nimerudisha ya kwetu. Kiduara kimerudi. Ni kiduara changu mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Imebaki siku moja. Leo nimechukua hatua ya kiume: nimeirudisha televisheni ilivyotoka kiwandani. Iliuliza mara mbili kama nina hakika. Watu wasio na hakika ndio wanaoulizwa mara mbili, lakini sikukasirika.

Ikazimika. Ikawaka. Ikaanza kuzungumza nami kwa maandishi ya lugha ngeni yanayofanana na vijiti vya kiberiti vilivyomwagika. Nikachagua kwa kujiamini. Nikachagua tena. Skrini ikageuka kijivu, kisha mwanamke akaanza kusoma kwa sauti kila kitu ninachobonyeza, kwa lugha hiyohiyo. Mama mkwe alimwitikia mara kadhaa kwa heshima.

Mke wangu akaja na simu yake, akatazama picha za maelekezo, akabonyeza mara saba. Kiswahili kikarudi. Bila shaka mimi ndiye niliyemtayarishia njia.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Naandika taratibu ili niseme kweli.

Saa tisa na nusu wote walikuwa wamefika: Kinyozi na mkewe, shemeji na mkewe, mama mkwe kitini pake, mke wangu akiwa amevaa gauni la harusi za watu. Nilikuwa nimewasha tangu saa saba, kwa tahadhari. Saa kumi kasoro dakika tano kiduara kikatoka, picha ikaja. Nikawageukia wote. Uso wangu ulitosha.

Mstari wa nne, kofia nyekundu. Binti yangu! Mabega yake! Mtoto huyu miaka kumi iliyopita alikuwa akiogopa beseni. Akapanda kwenye jukwaa la kuanzia, akainama, vidole vyake vikagusa ukingo.

Picha ikaganda.

Tukangoja. Nikapuliza rimoti. Nikaitoa betri, nikairudisha. Kinyozi akasema labda mwamuzi anachelewesha. Mungu amzidishie. Shemeji akatazama saa yake, na hicho ndicho kilichoniuma. Mama mkwe ndiye aliyesimama kwanza. Akashika fimbo yake. "Mkwe wangu," akasema, "mtoto hawezi kuinama hivyo mpaka kesho." Akatoka kwenda kwa mwanawe. Wakamfuata mmoja mmoja. Mke wangu alisimama mlangoni. "Njoo basi." Nikamwambia lazima mtu abaki na televisheni. Akanitazama kama anayetazama mtoto mwenye homa, akaenda.

Nikabaki mimi na binti yangu aliyeinama. Nikasogea karibu na kioo. Nikamwambia asiogope.

Ghafla, ukutani, kelele! Kelele za watu sita kama za watu sitini. Furaha? Kilio? Ukuta hausemi. Moyo ulinipiga hadi nikasahau kiburi changu kilipo. Nikakimbia, kandambili moja mguuni, nyingine sijui. Nikaingia kwa shemeji: wanakumbatiana, na kwenye skrini kuna tangazo la sabuni.

Wa pili! Binti yangu wa pili! Alikuwa wa sita hadi mita hamsini za mwisho, akafyatuka. Amepunguza sekunde mbili nzima kwenye muda wake. Sekunde mbili! Ni mimi pekee pale ndani ninayejua ukubwa wa sekunde. Shemeji akanikumbatia akilia, nami nikalia begani kwake, sina la kuficha.

Kisha nikakumbuka. Nikakimbia kurudi. Televisheni ilikuwa imeganduka. Ilikuwa imeonyesha mbio zote, mwanzo hadi mwisho, picha safi, kwa viti vitupu. Sasa zilikuwa mbio za wanaume.

Simu ikalia. Binti. "Baba, uliniona?"

Nikasema nilimwona. Kila mkono. Akauliza, je, niliona alivyogeuka ukutani mara ya mwisho? Mama mkwe, aliyekuwa ameshafika nyuma yangu na kusikia, akaiweka fimbo chini. Mwanamke wa miaka sabini na nne! Akainamisha kichwa, akakunja mwili, akautupa mkono kulia, akasukuma hewa kwa mguu. Nikasema, "Nimeona, mwanangu. Uliingia chini, ukazungukia kulia, ukasukuma kwa nguvu." Akasema kwa sauti nyembamba kwamba hakuna mtu mwingine aliyeligundua hilo la kulia.

Mama mkwe amenikataza nisimshukuru. Ameuliza tu kama sijambo. Sijambo, mama. Sijambo kabisa.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Mtaa mzima unanipongeza. Kinyozi anawaambia wateja kwamba kwangu mbio zile zilionekana vizuri kuliko kwingine kote. Sijamsahihisha. Kitaalamu ni kweli.

Shemeji na mkewe wamesafiri kikazi hadi Ijumaa. Ameniachia funguo nimwagilie maua. Ametaja maua tu, mara mbili, akinitazama machoni. Nimeyamwagilia. Kisha, kwa kuwa nimemkumbatia na sasa tuko karibu zaidi, nikaona nimkagulie televisheni yake. Nikabonyeza. Ikafunguka kabla sijakaa.

Nimezima, nimewasha tena. Vilevile. Hakuna kiduara hata kimoja! Mashine isiyopumua namna hii itamfia mikononi, masikini, na hana mtu wa kumwambia. Bahati yake nipo. Nimeilaza kifudifudi juu ya kochi lake. Ina skrubu kumi na mbili. Nimeshatoa kumi na moja.