Mfuko Umesema Mbwa Atembezwe

Jumatatu, 9 Juni

Hili sijamwambia mtu, hata Mungu nimemgusia tu: sikumtaka mbwa kwa kupenda mbwa. Nilimtaka kwa sababu ya wageni.

Mgeni akibisha tu, natafuta mlango wa nyuma. Najua kitakachofuata. Njoo usalimie. Mbona umerefuka hivyo. Masomo vipi. Halafu trei ya chai, na watu wazima wote macho kwenye mikono yangu kuona kama nitamwaga. Sina ugomvi na watu. Nawapenda sana wakiwa nyumba nyingine.

Lakini mwenye mbwa ana udhuru. Samahani, namtoa mbwa. Heshima tele, na mguu mmoja uko nje tayari.

Baba alimleta jana kutoka kwa mfanyakazi mwenzake. Ana miezi minne na nyayo kama sahani. Ni wa ile mbegu ya mbwa wakubwa. Baba anasema akimaliza kukua atakuwa kama kabati, basi jina likawa hilohilo, Kabati. Sharti moja: Jumamosi daktari wa mifugo atakuja kumwangalia. Akikuta tumeshindwa kumlea, Kabati anakwenda kwa Mjomba kulinda ghala la mbao. Na mimi narudi kwenye trei.

Jumanne, 10 Juni

Mfuko wa chakula cha Kabati umeandikwa Kiingereza, herufi kama sisimizi. Baba ameusogeza mbali, ameusogeza puani, kisha amenipa mimi. Amesema ndiyo faida ya kumsomesha mtoto kwa lugha mbili.

Nikausoma jikoni mbele ya wote. Apimiwe chakula, mara tatu kwa siku, asizidishiwe, maana mbwa mkubwa akinenepa mapema mifupa inaelemewa. Hapo sikutia chumvi. Matembezi yawe mafupi. Hapo nikasema marefu. Mama akauliza marefu kiasi gani. Nikaukazia mfuko macho, nikasema inategemea. Sebuleni kukijaa watu mbwa atolewe mara moja, asirudishwe mpaka kutulie.

Mama akasema hawa watu wamefikiria kila kitu.

Nikaona njia nyeupe. Nikaongeza kwamba anayemtembeza mbwa asioshe vyombo, harufu ya sabuni inamchanganya. Mdogo wangu, tunayemwita Hakimu kwa kuwa hajawahi kumwachia mtu huru, akataka nimwonyeshe mstari. Nikaukunja mfuko.

Jumatano, 11 Juni

Shangazi amekuja na marafiki zake wawili. Shangazi, dada yake Baba, hushika watu mashavu na huwa haachii mpaka ajibiwe. Hajavua kiatu cha pili, mimi na Kabati tuko getini. Nilisikia akiuliza huyo mtoto anakimbizwa na nani. Mama akamjibu mfuko ndio umesema.

Tukazunguka mtaa. Duka la mabati, shule ya udereva, fundi wa viti, nyumbani. Viatu vya Shangazi bado viko mlangoni. Tukazunguka tena. Kwa fundi wa viti Kabati akaketi katikati ya njia, akanitazama kama mtu aliyeuziwa simu mbovu. Fundi akauliza kama nimemwibia, maana mbwa wangu hataki kwenda nami. Nikambeba mpaka kona. Ni mzito kama saruji iliyonyeshewa.

Alhamisi, 12 Juni

Shangazi alisahau mwavuli. Akaufuata leo, akakaa mpaka jioni. Kabati amerudi ulimi unaburuta. Mama akamwonea huruma, akammiminia wali na mchuzi. Nikasema mfuko umekataza. Mama akasema mfuko haujawahi kuzaa.

Baadaye nikamkuta Baba amepiga magoti chini ya meza na ncha ya mkate. Akasema ameangusha kalamu. Kwa hiyo Kabati anatembezwa kama askari na kulishwa kama bwana harusi.

Hakimu ameshinda sakafuni na ule mfuko. Kiingereza chake bado cha kuungaunga, lakini picha anaziona. Akauliza kwa nini kuna mtoto wa mbwa anapanda ngazi na amepigwa alama nyekundu ya kosa. Nikamwambia maana yake ngazi haziuzwi pamoja na mbwa. Akanitazama sana.

"Dada," akasema, "wewe utafungwa."

Ijumaa, 13 Juni

Kabati anachechemea. Mguu wa mbele, wa kushoto. Nilimwita asubuhi akanijia kwa miguu mitatu, mkia unacheza, kana kwamba hana kesi na mimi. Chai nikaiacha mezani.

Nikaamua kusema kweli. Nikafika mpaka mlango wa sebule. Ndani nikasikia sauti ya Shangazi. Nikageuka.

Nikamwekea kitambaa cha maji baridi mguuni. Nikamwomba msamaha kwa lugha zote mbili. Halafu nikamvalisha soksi ya Baba ili daktari asigundue kesho. Sasa anachechemea amevaa soksi.

Jumamosi, 14 Juni

Daktari amekuja. Na Shangazi na wenzake, bila shaka, kama tumewakatia tiketi.

Daktari akavua soksi bila kuuliza. Akabonyeza viungo, akashika mbavu, akazitafuta sana. Akauliza nani aliagiza huyu mtoto akimbizwe hivi na ashibishwe hivi. Nyumba nzima ikanyoosha kidole kwenye mfuko. Mimi pia.

Akausoma kwa sauti, Kiswahili kimenyooka. Matembezi mafupi. Ngazi marufuku. Chakula cha kupima. Mama akamwuliza habari ya sabuni na vyombo. Akaugeuza mfuko juu chini, akasema hiyo labda ni ya mfuko mwingine. Hakimu akakunja mikono.

Baba akasema kwa sauti ya chini, ile mbaya, kwamba kesho Kabati anakwenda ghalani.

Sijui nani alinisukuma. Nikasikia mtu anasema mwachieni, kosa si lake, mfuko niliusoma vibaya makusudi. Mtu huyo alikuwa mimi. Mbele ya wageni. Shangazi akauliza makusudi ya nini, mwanangu. Nikasema ya kuwakimbia nyinyi, Shangazi. Kwa kweli nilikusudia kusema "shikamoo".

Kisha Shangazi akanishika mashavu, akasema siku zote alidhani mimi ni bubu, kumbe ni mjeuri kama yeye.

Daktari akasema viungo havijaharibika. Apumzike, apunguziwe chakula, na azoeshwe watu, kwani mbwa mkubwa anayeogopa wageni ni balaa. Baba akafikiri. Akatoa hukumu: Kabati anabaki. Ila kila mgeni akija, Kabati atakaa sebuleni, na mimi nimeshika kamba yake mpaka mgeni wa mwisho aondoke.

Shangazi akaahidi kuja kila siku. Kwa faida ya mbwa.

Jumapili, 15 Juni

Nimekaa. Wageni wanne. Nimeulizwa masomo, nikajibu, na hakuna aliyekufa. Shangazi ana hadithi nzuri, kumbe. Kabati alilala juu ya miguu yangu na mguu wake mgonjwa umenyooshwa. Karibu nijifunze kitu.

Lakini daktari alisema jambo jingine alipokuwa anaondoka, na nadhani nililisikia mimi peke yangu: akibweka mfululizo, amechoshwa na watu, apelekwe chumbani apumzike. Na wa kumpeleka ni nani? Aliyeshika kamba.

Kwa hiyo tumejifungia chumbani kwa mazoezi. Nanong'ona "karibuni", kama Mama anavyowapokea wageni. Kabati akibweka, anapata punje moja ya chakula. Kutoka kwenye bakuli lake lililopimwa, mimi si mtu mbaya. Kwanza alipiga miayo. Sasa ameelewa. Ameelewa mno, mpaka madirisha yanatetemeka.

Kuna nyayo kwenye korido. Za polepole, kama za mtu anayeingia mahakamani. Zimesimama.

Hakimu anauliza, tangu lini mimi namkaribisha mtu chumbani.

Naficha ukurasa chini ya Kab—