Mabafu Manane Bila Plastiki

Jirani wa nyumba ya pili anaapa kwamba Profesa alishuka kwenye gari jeusi, tena akafunguliwa mlango. Muongo. Profesa alikuja kwa miguu, sanduku begani, jasho likimchuruzika hadi kwenye tai. Sandukuni mlikuwa na sabuni ya mche aliyoikatakata kwa kisu cha jikoni, majivu aliyoyachekecha mwenyewe, na mafagio yaliyonyolewa yakawa brashi. Vyote alivifunga kwa majani makavu ya mgomba, basi vikawa bidhaa za kuokoa dunia.

Shabaha yake ilikuwa mwenye nyumba ya wageni. Mama yule akitia sahihi tu kwenye karatasi ya oda, nyumba zote za wageni mtaani zingefuata, na Profesa angekusanya malipo ya awali na kuyeyuka.

"Shikamoo, mama. Hizi hazina plastiki hata chembe. Zikikaribiana na plastiki tu, nguvu inakwisha."

"Marahaba, mwanangu. Inakwisha kabisa?"

"Papo hapo! Ni sayansi hiyo."

"Haya, nionyeshe. Bafu moja tu."

Profesa akavua koti, akanyoosha mkono kuchukua glavu zilizokuwa juu ya ndoo ya mama.

"We! Hizo si plastiki?"

Akaziacha. Akaacha na ndoo, na ndala, na brashi nzuri ya mama. Akainama pekupeku na karai la bati, majivu yakimtafuna vidole, akausugua ukoga mpaka ukasalimu amri.

"Hilo jepesi," mama akasema. "La pili lina kutu."

La tatu lilikuwa na nywele. La nne tuliache, kuna watu wanakula. Kufika la nane, mgongo ulikuwa umekataa kunyooka. Ndipo akamsikia mama kwenye simu: "Waje tu hao wageni. Msafishaji kaacha kazi jana, lakini Mungu kanishushia mwingine."

 Profesa akajipa moyo: sahihi bado ingepatikana. Akatoa karatasi, akatoa na kalamu.

Mama akaruka nyuma kama kaonyeshwa nyoka. "Kalamu ya plastiki! Uniharibie mabafu yote manane?"

"Mama, ni kusaini tu..."

"Sayansi ni sayansi, baba." Akaingia ndani, akafunga mlango taratibu, kwa adabu zote.

Profesa akabaki barazani na karatasi yake. Ndani maji yalifunguliwa, mtu akaanza kuoga huku akiimba. Profesa akagonga mlango.

"Mama? Basi hata penseli?"